Uganda: gazeti lilirudisha fedha za shule, kisha mtandao ukakatwa. Nani ananufaika mwananchi asipojua?

MLETA UZI

Wakuu, salaam.

Kila mtandao unapokatwa Afrika Mashariki, ubishi wetu unakuwa wa aina moja. Huyu anasema uhuru wa maoni, yule anasema usalama wa nchi, mtandao unarudi, tunaendelea na maisha. Leo naomba tuongelee pesa. Naamini, na nitaleta ushahidi, kwamba habari inayomfikia mtu wa chini ndiyo inayoamua fedha ya umma inaishia mfukoni mwa nani. Ndiyo maana anayetaka kuila fedha hiyo na anayetaka kutawala bila kuulizwa wanakutana kwenye jambo moja: kuifunga njia ya habari.

Nchi nitakayoitumia ni Uganda. Lengo si kuwasema majirani. Nimeichagua kwa kuwa ndani ya miaka 25 hivi imepita hatua zote, za kheri na za shari, na nyingi zimeacha takwimu.

Tuanze shuleni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Uganda ilikuwa ikitoa ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi, kiasi fulani kwa kila mwanafunzi, mbali na mishahara ya walimu. Fedha ilitoka Kampala, ikapita wilayani, ndipo ifike shuleni. Kwenye hesabu za serikali ilikuwa imeshatolewa. Ukienda darasani hukuti kitu. Mwaka 1996 ukafanyika utafiti wa kuifuata fedha hiyo hatua kwa hatua katika shule 250, kulinganisha kilichotoka hazina na kilichopokelewa na mwalimu mkuu kati ya 1991 na 1995. Ritva Reinikka na Jakob Svensson, waliouchambua, walikuta kwamba kwa wastani shule ilipata asilimia 13 tu ya ilichostahili. Shule nyingi hazikuona hata senti.

Someni tena, wakuu. Kumi na tatu. Katika kila shilingi 100 ya mtoto, 87 ziliishia njiani, kwa maofisa na wanasiasa wa wilaya.

Tena hazikupotea sawasawa. Shule za maeneo yenye watu wenye uwezo zilipata zaidi, kwa sababu walikuwepo wa kufuatilia na kubana. Shule ya maskini haikuwa na wa kuisemea, na wazazi wake hawakujua hata kwamba kuna fedha ya kudai. Mtu hawezi kulalamikia kuibiwa kitu ambacho hajui kwamba ni chake.

Serikali ilipoyaona matokeo ikafanya jambo dogo kabisa. Ikaanza kuchapisha magazetini, yakiwemo ya lugha za wenyeji, kiasi kilichopelekwa kila wilaya, mwezi kwa mwezi. Baadaye shule nazo zikatakiwa kubandika matangazo ya zilichopokea. Kufikia 2001 shule zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80 ya stahili yao.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo kwangu ndiyo kiini cha uzi huu. Watafiti walipima umbali kati ya shule na mahali pa karibu panapouzwa gazeti. Shule zilizokuwa karibu na muuza gazeti zilirudishiwa fedha zaidi kuliko zilizokuwa mbali. Walimu wakuu wa karibu walijua kanuni ya mgao na walijua lini fedha imetoka, hivyo ofisa wa wilaya hakuweza kuwaambia "bado haijaja". Shule za mbali ziko chini ya serikali ile ile na kanuni ile ile, ila hazikupata sawa. Kilichowatenga ni kilomita kadhaa za barabara ya vumbi hadi kwa muuza magazeti.

Wekeni hilo akilini, maana tutalirudia kwenye bando.

Redio nayo ilifunguka kipindi hicho hicho. Mwishoni mwa 1993 Sanyu FM ikaanza kurusha matangazo, redio binafsi ya kwanza nchini humo. Miaka ya 2000 ikaja ebimeeza, mijadala ya wazi ambapo watu wanakaa kwenye baa au bustani, mwenye hoja anashika kipaza sauti, redio inarusha moja kwa moja. Mchuuzi anamjibu mbunge, na nchi inasikiliza. Mimi naiona ile kama moja ya hazina kubwa za siasa za ukanda wetu, na inaniuma ilivyoishia. Septemba 2009, Kabaka, mfalme wa Buganda, alipozuiwa kwenda Kayunga na Kampala ikawaka moto, ebimeeza vilipigwa marufuku na CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ikafungwa. Ilirudi hewani Oktoba 2010. Zaidi ya mwaka mzima redio kubwa ya Kiganda haisikiki: watangazaji hawana kazi na wenye maduka hawana pa kutangazia. Mei 2013 polisi wakaizingira Daily Monitor kwa siku 10 wakitafuta barua ya Jenerali David Sejusa kuhusu urithi wa madaraka, na redio mbili za kampuni hiyo zikanyamaza pamoja nayo.

Kisha intaneti. Uganda haina bahari. Nyaya kubwa zilizofika pwani ya Afrika Mashariki kuanzia 2009, kama SEACOM na baadaye EASSy, ziliifikia kwa kupitia nchi kavu kutoka kwenye pwani zetu za Tanzania na za Kenya. Jonas Hjort na Jonas Poulsen waliuchunguza ujio wa nyaya hizo katika nchi kadhaa za Afrika na kuchapisha matokeo 2019: pale intaneti ya kasi ilipofika, ajira ziliongezeka, na hawakukuta kwamba wasio na elimu kubwa walipokonywa kazi kama wengi walivyohofia. Kwa hiyo kiuchumi hatuna la kubishana.

Kisiasa ndiko kwenye moto. Sergei Guriev, Nikita Melnikov na Ekaterina Zhuravskaya walizipima nchi 116, wakaonyesha kwamba intaneti ya 3G inapoenea, imani ya watu kwa serikali yao inashuka, hasa pale ambapo mtandao uko huru huku magazeti na redio vimebanwa. Watu wanaanza kuyaona yaliyokuwa yakifichwa. Mtawala akisoma hayo ana njia mbili: kupunguza uozo, au kupunguza macho.

Februari 18, 2016, siku ya uchaguzi, Uganda ilizima Facebook, Twitter na WhatsApp, na pamoja nazo huduma za fedha kwa simu. Hapa ndipo ubishi wa "uhuru wa maoni" unapokuwa mfinyu. Aliyetaka kumtumia mama yake hela ya dawa hakuwa anatoa maoni yoyote.

Julai 1, 2018 wakaja na kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 za Uganda kwa siku. Hulipi, WhatsApp haifunguki. Miezi michache kabla, Rais Museveni alikuwa amemwandikia waziri wa fedha akilalamikia umbea wa mitandaoni. Kiasi ni kile kile kwa waziri na kwa muuza karanga, yaani kodi ya kichwa iliyohamia kwenye simu. Mia mbili kwa siku ni kama elfu 6 kwa mwezi, kabla hujanunua bando lenyewe. Siku hiyo hiyo ikaanza kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya simu, ambayo baada ya kelele na maandamano ilishushwa hadi asilimia 0.5 na kubaki kwenye kutoa tu.

Matokeo? Mamlaka ya mawasiliano ya huko yenyewe ilionyesha watumiaji wa intaneti wamepungua kwa zaidi ya milioni 2 ndani ya miezi 3. Wengine wakahamia kwenye VPN, programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao. Na kodi yenyewe? Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa shilingi bilioni 284. Zikakusanywa bilioni 49.5. Mwaka 2021 ikafutwa, mahali pake ikawekwa asilimia 12 kwenye bando.

Januari 2021, uchaguzi ulikuwa tarehe 14. Tarehe 12 mitandao ya kijamii ikafungwa, tarehe 13 jioni intaneti yote ikazimwa, ikarudi tarehe 18. Facebook ikabaki imefungwa kwa miaka. Mama anayeuza vitenge kwenye ukurasa wake ikabidi ajifunze VPN, na VPN inakula bando na chaji.

Rudini sasa kwa yule mwalimu mkuu aliye mbali na muuza magazeti. Leo umbali ule unapimwa kwa bei ya bando na kwa kodi juu yake. Aliye karibu anajua bei ya kahawa ya leo, anajua mgao wa kijiji umetoka, anajua mbunge wake alipigia nini kura. Aliye mbali anaambiwa "bado haijaja".

Na tusijifanye haya ni ya Kampala peke yake. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ulizimwa nchi yetu nzima ukarudi baada ya siku kama 5. Kila mmoja wetu hapa anajua zile siku alizipitaje.

Nawasilisha. Karibuni kwa hoja.

MFANYABIASHARA WA MPAKANI

Kaka mleta uzi, umenigusa. Mimi niko upande wa Kagera, navusha maharage kupitia Mutukula. Februari 2016 nilikuwa na mzigo Masaka. Mnunuzi ana hela kwenye simu, mimi nina mzigo kwenye gari, na hakuna namna hela itoke kwake ije kwangu. Kutembea na noti nyingi siku za uchaguzi ni kutafuta kifo. Nikauza kwa aliyekuwa na taslimu mkononi, kwa bei aliyotaka yeye.

Nataka kuongeza hapo. Siku kama zile kuna wanaopata. Mwenye noti ndani anakuwa mfalme, anawakamua wote ambao fedha zao zimefungiwa. Hasara yangu mimi ilikuwa faida ya mtu. Na mwenye noti nyingi ndani kwa kawaida si mtu wa hali yetu.

MTU WA TAKWIMU

Mkuu, uzi mzuri ila umeruka vitu viwili.

Kwanza, huo mfano wa shule unapambwa mno. Uganda ilianzisha elimu ya msingi bila ada mwaka 1997. Kipindi kile kile kulikuwa na mageuzi ya fedha za umma na shinikizo la wafadhili, na ruzuku yenyewe ilibadilishwa. Paul Hubbard aliandika kuhusu hili mwaka 2007, kwamba huwezi kulipa gazeti sifa zote. Unatoka asilimia 13 unakwenda 80 halafu unasema ni magazeti? Hapana.

Pili, unaongea kana kwamba habari daima ni dawa. Rwanda 1994 wewe unaisahau? RTLM ilikuwa chombo cha habari. Watu walisikiliza redio wakachukua mapanga. Mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha iliwahukumu watu wa RTLM na gazeti la Kangura mwaka 2003. Serikali ikisema inaogopa mtandao kuchochea, usiichukulie kirahisi hivyo.

MLETA UZI

Mkuu, heshima yako. Hoja zote mbili ni nzito, nitazijibu moja moja.

La kwanza nakubaliana nawe nusu. Mageuzi yalikuwa mengi kwa pamoja, na anayesema ni gazeti tu anatia chumvi. Lakini angalia ule upimaji wa umbali. Elimu bila ada ilifika kwa shule zote, za karibu na za mbali. Wafadhili waliibana serikali kuu, hawakuibana kwa kupima umbali wa shule na muuza magazeti. Kama mageuzi hayo peke yake ndiyo yaliyofanya kazi, shule za mbali zingepaswa kufaidika sawa na za karibu. Hazikufaidika sawa. Pengo lililobaki kati yao ndiyo kazi ya gazeti, nami hilo ndilo ninalolishikilia. Hubbard mwenyewe hakusema uwazi hauna kazi. Alisema uliota kwenye udongo uliokwisha kulimwa, na hapo niko naye kabisa. Chapisha mgao mahali ambapo hakuna hata utaratibu wa kutoa mgao, utachapisha karatasi tupu.

La Rwanda siwezi kulichukulia kirahisi. Kagera imepokea wakimbizi wa vita ile, wapo humu wanaokumbuka mwaka 1994 kuliko mimi. Ila tuiangalie RTLM ilikuwa nini. Ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na wanahisa wake walitoka kwenye duara la watawala, akiwemo Rais Habyarimana. Ilikuwa sauti ya wenye nguvu, na walioipinga walikuwa wakiwindwa. Sasa jiulize, hatua ya kuzima mtandao mzima ingemzuia nani kwenye hali ile? Wenye dola wangebaki na redio yao. Ambao wangenyamaza ni wale wa kupiga simu kusema "tunauawa, njooni". Mchochezi ana jina, ana anwani, na sheria ya kumkamata ipo. Kuwazima watu zaidi ya milioni 40 wa Uganda kwa ajili yake ni kuwaadhibu wote ili kumkosa yeye.

Mfanyabiashara wa mpakani, pole sana. Na hilo la mwenye taslimu nakushukuru, sikulifikiria. Giza la habari lina soko lake.

WAKALA, MWANZA

Kaka zangu, mimi ni wakala wa miamala, nataka kuongelea tozo kwa kuwa mleta uzi amezungumzia ya Uganda akaacha ya kwetu.

Julai 2021 tozo ilipoanza hapa, ya kutuma na kutoa, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa, nilikuwa nakaa kibandani naangalia barabara. Wateja wa kila wiki walipotea. Mama anayetumiwa hela ya matumizi na mtoto wake alikuwa anasema bora nimsubiri kondakta wa basi. Mwanzoni mwa Septemba wakapunguza asilimia 30, baadaye wakapunguza tena, na 2023 ya kutuma ikaondoka. Lakini kuna wateja ambao hawajarudi hadi leo, wamezoea kumpa kondakta.

Ninachotaka kusema ni kwamba kelele za mitandaoni ndizo zilizofanya ishuke. Sisi mawakala hatuna chama cha kwenda kumwona waziri. Tulikuwa na simu tu. Watu walipiga picha risiti zao za makato wakaziweka mtandaoni, kila mtu akaona si yeye peke yake. Kama mtandao ungekuwa umefungwa Julai ile, ningekuwa nimefunga kibanda na hakuna ambaye angejua.

MLETA UZI

Dada, umesema kwa maneno machache nilichokizunguka kwa kurasa. Asante.

MWALIMU MSTAAFU

Wanangu, nimesoma yote. Nimekuwa mwalimu mkuu, shule ya kijijini. Nina jambo moja tu.

Gazeti halipandi basi kwenda wilayani. Mwalimu mkuu akijua fedha imetoka, bado lazima mtu aende, akae kwenye benchi, aambiwe njoo kesho, arudi kesho. Na akirudi mara nyingi anahamishwa. Kwa hiyo mnapohesabu umbali wa muuza magazeti, hesabuni pia kamati ya shule. Kamati yenye wazazi wakali, habari ikiwafikia, wanakwenda watano kwa pamoja, na wazazi hawahamishwi. Kamati iliyochaguliwa na mwenyekiti wa kijiji miongoni mwa jamaa zake, hata ukiwaletea intaneti ya satelaiti hawaendi popote.

Siku hizi fedha za elimu bila ada zinatoka hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule, tangu 2016. Wilaya imerukwa. Hilo ni jema, nalipongeza. Lakini sasa anayejua kiasi kilichoingia ni mwalimu mkuu na wachache walio karibu naye. Mzazi je?

MLETA UZI

Shikamoo mwalimu. Nashukuru, hilo la kamati lingepaswa kuwa kwenye bandiko langu la kwanza. Reinikka na Svensson waliziona shule za wenye uwezo zikipata zaidi hata kabla ya gazeti, na sababu ni hiyo hiyo uliyoitaja, watu wa kwenda kukaa kwenye benchi.

Kwa swali lako la mwisho, tulifanyie kazi humu humu badala ya kubaki tunaongea. Ruzuku ya shule ya msingi kwetu ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Kwa hiyo mzazi anayejua idadi ya wanafunzi anaweza kukadiria mwenyewe kinachopaswa kuingia.

Mwenye mtoto au mdogo wake shule ya msingi ya serikali, wiki hii apite shuleni aangalie ubao wa matangazo. Je, kuna karatasi ya mapato na matumizi? Ni ya mwezi gani? Inasomeka na mzazi wa kawaida, au ni msimbo wa kifungu na tarakimu tupu? Kama haipo, muulize mjumbe wa kamati kwa adabu tu, usiende kwa shari.

Leteni majibu hapa. Andikeni mkoa, wilaya, na tarehe iliyo kwenye karatasi ya mwisho iliyobandikwa. Jina la shule na la mwalimu mkuu msiyaweke, tusimharibie mtu kabla hatujajua kama kosa ni lake au ni la waliochelewesha fedha. Mwalimu, nikipata majibu ya kutosha naomba unisaidie kuyapanga, maana wewe unajua muhula upi fedha huwa zinachelewa.

MWALIMU MSTAAFU

Marahaba. Nitasaidia. Anzeni na za Januari hadi Machi.